Teknike ya piano kwa mwenye kuanza na haraka: maswali yanayonirudia kila wiki

Kila Alhamisi, repetisyo ya korali ikiisha, kuna mtu mmoja ao wawili wanabakiaka pembeni ya klavie (kinanda cha umeme), mmoja katoka Katuba, mwingine Kenya, komini za hapa Lubumbashi, na kila mara maswali njo yale yale. Nimechoka kujibu nikiwa nakunja nyaya, basi nimeyaandika yote hapa. Namba nimeziweka kwa sababu kuna mambo sitayarudia, nitakutuma tu kwenye swali lingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Teknike ni nini hasa? Si ni vidole kukimbia?

Kukimbia kunakuja nyuma. Teknike ni kutoa sauti unayoitaka, wakati unaoutaka, na mwili usichoke bure.

Chungulia ndani ya piano ya kweli utaelewa. Ukishusha tushi (kile kibao cheupe ao cheusi cha kupiga kwa kidole), inaenda chini karibu milimita 10 tu, na ndani nyundo ya mbao iliyofungwa sufu inarushwa kwenye nyuzi. Inarushwa, sikia neno hilo: kidogo mbele ya tushi kufika chini, mtambo unaiachilia nyundo, inamaliza safari yake peke yake. Ni kanuni ya Bartolomeo Cristofori, fundi wa Italia, tangu karibu mwaka 1700, na haijabadilika. Kwa hiyo sauti ikishatoka, kidole chako hakiwezi kuiongeza kitu, hata ukandamize mpaka jasho likutoke, ni ubao tu unausukuma. Klavie ya umeme nayo inapima mbio ya tushi wakati inashuka, kisha hapo haikusikilizi tena.

Njo maana ukiangalia mtu mwenye kuanza, akipiga akori (noti kadhaa kwa pamoja) anabakia ameishikilia kwa nguvu kama anazuia mlango mwizi asiingie. Kubakisha tushi chini hakuombi nguvu, uzito wa mkono uliolala unatosha. Piga, kisha hapo hapo achilia, huku kidole kinabaki palepale. Karibu majibu yote ya huku chini yanarudi kwenye jambo hilo.

2. Tushi 61 zinatosha, ao ningoje mpaka nipate pesa ya 88?

Usingoje. Piano kamili iko na tushi 88, nyeupe 52 na nyeusi 36, lakini 61 ni okteva tano (okteva moja ni kutoka do mpaka do inayofuata) na kwa mwaka wa kwanza hautazimaliza. Kitu cha kuangalia mbele ya hesabu ya tushi ni kama zinasikia mguso. Dukani piga noti moja polepole sana, kisha piga ileile kwa nguvu. Sauti ikiwa sawasawa mara zote mbili, hiyo iache, hata kama iko na mataa mazuri na midundo mia tano, juu haitakufundisha mkono kitu.

Kwa zile okazyo (klavie zilizokwisha kutumika) zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa: washa, kisha piga tushi moja moja kutoka chini mpaka juu kwa nguvu ileile. Ukikuta moja inapiga kelele kuliko wenzake, mpira wa chini yake umechoka ao umejaa vumbi. Moja ao mbili fundi anasafisha, zikiwa kumi rudisha. Tikisa pia kidogo tundu la chaja, na uulize kama kuna tundu la pedali, ile ya mguu inayoendeleza sauti, utalihitaji.

3. Niko na miaka 27, sijachelewa?

Kwa kucheza vizuri, hapana. Mtoto anakushinda wakati, hana kodi ya nyumba. Wewe unamshinda kuelewa. Kinachoangushaka watu wazima ninaowaona ni haya ya kusikika vibaya mbele ya watu, wanaacha kisha mwezi wa tatu.

## Mwili

4. Nikae namna gani?

Hapa njo nitakawia, juu nusu ya matatizo wanayoniletea ya vidole ni matatizo ya kiti.

Kwenye piano ya kawaida tushi ziko karibu sentimita 72 kutoka chini. Sasa wewe umeweka klavie juu ya meza ya kulia, meza iko na 75, klavie yenyewe inaongeza hata 10, umefika 85, na umekaa kwenye kiti cha plastiki kinachozama. Viwiko vinabaki chini ya tushi, unavunja kifundo cha mkono kuelekea juu, mabega yanapanda yanatafuta masikio. Kisha unaniuliza kwa nini kidole kidogo hakisikii.

Panda juu. Weka mito, weka matofali yaliyofungwa nguo, kazie tupu ya soda yenye blanketi juu inafanya kazi nzuri tu. Kipimo ni hiki: weka vidole kwenye tushi, mtu akuangalie kwa pembeni, kiwiko kiwe sawa na tushi ao juu kidogo. Kaa kwenye nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote mbili chini. Mtoto ambaye miguu inaning'inia umuwekee kitu chini yake, bila hivyo anashikilia mwili wote kwa mgongo. Kisha nyoosha mikono mbele ukiwa umefunga ngumi: ngumi zinafaa kufika mwisho wa tushi bila wewe kuinama. Zikigonga mbali sana, uko karibu mno na viwiko vitashindwa kupita mbele ya tumbo.

5. Ni kweli vidole vinafaa kukunjwa kama nimeshika chungwa?

Chungwa limewaharibu wengi, juu wanalishika kweli, wanalikamua. Fanya hivi: simama, acha mkono uning'inie kama unatembea. Umbo lile vidole viko nalo hapo, ulete hivyohivyo juu ya tushi.

Chopin, mtunzi na pianisti, aliwaanzishaka wanafunzi wake kwa kuweka mkono wa kuume juu ya mi, fa dieze, sol dieze, la dieze, si. Jaribu leo. Vidole vitatu virefu vinalala kwenye tushi nyeusi zilizo juu, gumba na kidole kidogo, vifupi, vinabaki kwenye nyeupe. Mkono unafunguka wenyewe. Kwenye do re mi fa sol, vidole virefu vinalazimika kujikunja ili vilingane na vifupi, na ni hapo sote tunaanziaka.

Kitu kimoja cha kuchunga: vile vifundo vikubwa vinapoanzia vidole vibakie kama daraja, visizame. Gumba linapiga kwa pembe yake, karibu na ukucha, halilali lote.

6. Kidole cha nne hakinyanyuki. Nina kasoro?

Hauna. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati chini ya kiganja, jaribu kunyanyua cha pete. Hakiendi. Kano zinazonyanyua vidole zimefungana nyuma ya mkono, na cha pete ndicho kimefungwa zaidi. Robert Schumann alitumia hadi kifaa cha kulazimisha vidole, mkono wake wa kuume ukaharibika, ndoto ya kuwa pianisti ikaishia hapo, akabakia mtunzi.

Kwa hiyo usikinyanyue juu. Kisogeze mkono wote kidogo upande wake, uzito uwe nyuma yake, kishuke pamoja na mkono. Utashangaa kumbe hakikuwa zaifu, kilikuwa peke yake.

7. Mkono unaniuma nikicheza dakika kumi. Nivumilie mpaka uzoee?

Simama. Uchovu kama wa kubeba maji, unaoisha ukipumzika, ni sawa. Maumivu ya kuchoma, ganzi, vidole kuwashawasha usiku, hapana, na yakirudi siku kwa siku nenda kwa munganga, usiende kwa mtu wa masaji wa pale kwenu.

Mimi nilivumilia. Mwaka wangu wa pili nilijiandaa kwa sikukuu ya korali, saa tatu kila usiku, mkono wa kuume ukawa unawaka kutoka kiwiko mpaka kifundo, nikafunga bande nikaendelea. Kisha sikukuu niliacha klavie miezi miwili, hata kufungua chupa nilimuita mdogo wangu.

Jipime hivi: piga noti moja, ibakishe chini, na mkono mwingine utikise kifundo cha ule unaopiga. Kikicheza kama kamba, sawa. Kikiwa kigumu kama ubao, rudia swali la 1 mpaka kilegee. Angalia pia gumba lisilopiga, mara nyingi limesimama angani kama linaomba lifti, na taya. Ndiyo, taya. Watu wanauma meno.

## Mazoezi

8. Saa ngapi kwa siku?

Dakika 25 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Ubongo unapanga mwendo ule ukiwa umelala, kwa hiyo usiku sita unakufanyia kazi zaidi ya usiku mmoja. Ukiwa na saa moja, ikate vipande viwili, asubuhi na jioni. Na usianze kila mara mwanzo wa wimbo, unajua mstari wa kwanza kama jina lako na wa mwisho haujawahi kuonana nao: leo anzia mwisho.

9. "Polepole" ni polepole kiasi gani?

Ni mwendo ambao unajua noti inayofuata mbele kidole hakijaenda. Kama unasema "aa" kisha unasahihisha, bado uko haraka. Metronomu (kipiga mapigo) kwenye telefone, iweke mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa pigo, ukipita mara tatu bila kosa panda 64, kisha 68. Ukiangukia 80, rudi 72, hakuna aibu.

Lakini kuna mtego. Wakienda polepole, wengine wanabadilisha mwendo wenyewe wa vidole, wanavinyanyua juu sana kwa sababu wako na wakati, na mwendo ule haukimbii hata siku moja. Mwendo uwe mdogo uleule utakaoutumia ukiwa haraka, kama filamu iliyopunguzwa mbio. Kisha cheza noti nne tu haraka, simama, achilia, nne zingine. Mbio inajengwa kwa vipande vifupi.

10. Gami nianze na ipi, na dwate gani?

Gami ni ngazi ya noti, mfano kutoka do mpaka do; dwate ni kidole gani kwa noti gani, 1 ni gumba, 5 ni kidole kidogo. Macho yanapenda do majeri juu haina nyeusi. Mkono unapenda si majeri. Mkono wa kuume ni 1-2-3-1-2-3-4-5, dwate ileile kabisa ya do, tofauti ni kwamba kwenye si majeri nyeupe ziko mbili tu, si na mi, na gumba linaangukia palepale peke yake. Kushoto ukipanda ni 4-3-2-1-4-3-2-1. Ukishaielewa hiyo, do itakuwa mazoezi ya kweli. Fa majeri uichunge: kuume ni 1-2-3-4-1-2-3-4, kwa sababu ya si bemoli.

Kupitisha gumba, usilifiche chini ya kiganja kama unaiba. Mkono wote utembee kuelekea kule unakoenda, gumba lifuate. Nilimuangalia kijana mmoja wiki iliyopita, kila alipofika gumba kiwiko kilirukaka nje kama bawa la kuku. Nikamwambia acheze gami ileile kwa kidole kimoja tu, cha pili, noti kwa noti, mkono unateleza. Kisha nikamwambia arudishe vidole vyote lakini mkono uteleze vilevile. Bawa likaisha siku hiyohiyo.

11. Hanon ni lazima?

Hapana. Hanon, Mfaransa, alitoa mazoezi yake 60 mwaka 1873, anakuambia unyanyue vidole juu sana, na piano za leo haziombi hivyo. Mkono uliolegea unaweza kuyatumia kupasha moto dakika tano. Mkono mgumu utazidi kuwa mgumu, mara sitini. Mimi nachukua sehemu inayonishinda kwenye wimbo wenyewe, noti tano sita, naigeuza zoezi: ndefu-fupi, kisha fupi-ndefu, kisha naihamisha gami nyingine.

12. Kushoto kumezubaa kabisa.

Kunazubaa juu unakupa kazi ya zaifu, besi moja moja. Mupe kushoto melodia ya wimbo unaoujua tangu utoto, wiki mbili, kuume kupumzike. Kisha kuunganisha: kushoto kucheze, kuume kugonge tu mapigo kwenye paja, kesho yake badilisha. Kuunganisha bila hatua hiyo njo kunafanyaka watu wakae na wimbo mmoja miezi sita.

## Kanisani na nyumbani

13. Nacheza zote kwa do na transpoze. Ni dhambi?

Dhambi hapana, deni. Kitufe cha transpoze kinapandisha ao kushusha noti zote, na vidole vyako vinajua barabara moja tu ya mji wote.

Na siku itafika. Mimi ilifika Jumapili moja, maitre wa korali kapiga diapazo (kichuma cha kutafutia noti), katoa sol, sopirano wameanza vizuri, mimi nikaingia na akori ya sol kwa nguvu zote. Aliyecheza misa ya kwanza aliacha transpoze kwenye +3. Kwa hiyo mimi mkono uko sol, bafle zinatoa si bemoli, korali yote iligeuka kunitazama kama wamekanyagwa. Nikapapasa kitufe huku naendelea na kushoto, nikaongeza badala ya kupunguza.

Fanya hivi: kila mwezi ondoa gami moja kwenye transpoze. Nyimbo za fa, cheza kwa fa kweli. Mwezi ujao sol, kisha mi bemoli. Tushi nyeusi hazitakuogopesha tena ukishapita swali la 5 na la 10.

14. Umeme unakatika kila jioni, nitajizoeza na nini?

Klavie nyingi za tushi 61 zinakubali mawe (batri ndogo) sita, angalia chini yake. Kutumia batri ya gari, soma kwanza kibandiko: volti ngapi, na katikati ya plagi ni chanya ao hasi. Plagi ikiwa kinyume unaweza kuiua mara moja.

Ila delestaji, huko kukatika kwa umeme, nayo ni mwalimu wako. Klavie imezimwa, cheza dwate kimya huku unaimba noti, do, re, mi, kwa jina. Makosa yanajionyesha: mahali unaposahau kuimba ni mahali vidole vilikuwa vinakisia. Ao lala macho yamefungwa, pitisha wimbo kichwani mkono mmoja mmoja. Ni ngumu kuliko inavyosikika.

15. Sebene ikianza nashindwa kumaliza dakika tano, mkono unaganda.

Ile kurudiarudia noti mbili, mfano do-mi-do-mi, ukiifanya kwa vidole peke yake lazima ugande. Izungushe kutoka mkono wa mbele, kama unafungua kitasa cha mlango, kidogo tu, vidole vinabebwa. Jizoeze bila sauti kubwa: wengi wanapiga kwa nguvu juu hawajisikii, ngoma imewafunika. Mwambie mwenye kupanga sauti akuongezee bafle, ni bei rahisi kuliko munganga. Na kati ya mzunguko na mzunguko kuna nusu pigo ya bure, achilia hapo.

16. Nacheza kwa sikio. Noti za kusoma za nini?

Sikio lako ni mali, usimruhusu mtu akuaibishe juu yake. Lakini ukisoma polepole hata mistari miwili kwa siku utakutana na mikono ya watu wengine, dwate ambazo sikio haliwezi kukuambia. Tuko na mfano kwetu: Joseph Kiwele, mtunzi wa hapa Katanga, alijua nyimbo za kijijini kwa sikio na alijua kuandika, njo maana kazi yake haikupotea naye.

## Kesi za pembeni

17. Niko na kucha ndefu, nizikate?

Kama zinagonga tushi mbele ya nyama ya kidole, ndiyo, ao ukubali kucheza na vidole bapa na daraja la swali la 5 lizame. Dada mmoja wa alto alibakisha ndefu gumba tu, kila mtu na mapatano yake.

18. Mkono wangu mdogo, haufiki okteva.

Kutoka do mpaka si, tushi nyeupe saba, ni karibu sentimita 16 na nusu, na okteva inaongeza tushi moja. Kuvuta vidole usiku na mchana hakurefushi mfupa. Cheza kwenye ukingo wa tushi, fungua gumba bila kukaza kiganja, na pale pasipofikika vunja akori: besi kwanza, zingine nyuma yake kidogo, pedali ishikilie. Ao ondoa noti ya katikati iliyorudiwa na mkono mwingine, hakuna atakayeisikia.

19. Pedali yangu inafanya kinyume, nikikanyaga inakata, nikiachilia inaendelea.

Zima klavie, chomeka pedali ikiwa imezimwa, ondoa mguu, kisha washa. Klavie nyingi zinasoma upande wa pedali wakati wa kuwaka, ukiwa umeikanyaga zinaelewa kinyume. Kwa kuitumia: mguu ushuke kidogo kisha ya akori, siyo pamoja nayo. Mkono chini, mguu juu, mguu chini. Ukishuka pamoja unabeba akori ya zamani ndani ya mpya, ni matope.

20. Tuko na piano ya mbao parokiani, kila mwaka mwezi wa saba inapotea sauti. Ni watoto wanaiharibu?

Watoto wameonewa. Kuanzia mwezi wa tano hewa ya Lubumbashi inakauka, ubao wa sauti (ule mkubwa wa ndani unaokuza sauti) unanywea, nyuzi zinalegea. Mvua zikirudi, ubao unavimba, sauti inapanda tena, ila haipandi sawasawa kila noti. Na nyuzi zote pamoja zinavuta zaidi ya tani 15, kwa hiyo mabadiliko madogo tu yanasikika. Iondoeni kwenye ukuta unaopigwa na jua na mbali na dirisha, muifunge ikiisha kutumika kwa sababu ya vumbi la mwezi wa nane. Fundi wa kupanga sauti mumuite mara mbili: kiangazi kikishakaa, na mvua zikishakaa. Mukimuita wiki ya mvua ya kwanza, mtamlipa, na mwisho wa mwezi mtamuita tena.